Sekela Analikalia Shamba

Nije, nisije?

(Njoo, tumeshakaa.)

Nije na ukweli au na uongo?

(Changanya, mradi unoge.)

Basi sogeeni. Hapo kale, enzi ambazo baridi ilikuwa na meno kuliko hii yenu, palikuwa na kijiji juu kabisa mlimani. Watu wa huko walipanda ngano kabla ya kipupwe. Ilichipua, ikalala kwenye baridi, ikaamka na jua, ikavunwa.

Kijijini hapo aliishi mjane, jina lake Sekela. Alikuwa na shamba moja kando ya kijito na kikapu kimoja cha mbegu. Zaidi ya hapo hana kitu. Lakini msimwonee huruma sana, ulimi alikuwa nao.

Alikuwepo pia Jumbe Mwasomola, mkubwa wa kijiji, ambaye tumbo lake lilifika barazani kabla yake. Na palikuwa na sheria. Sakitu mnaijua, ule weupe wa baridi unaolala juu ya majani asubuhi. Sakitu ikianguka mara ya tatu, jumbe hupita mashambani, na shamba lisilo na mmea linakuwa lake. Shamba la kijito alilimezea mate miaka mingi.

Kwa kuogopa sheria hiyo, watu walipanda mapema, joto likiwa bado lipo. Inzi wadogo wakataga mayai kwenye mashina, funza wao wakayatafuna. Ngano ikarefuka, kipupwe kikaikuta ndefu, kikaivunja. Watu wakasema ni mkosi.

Sekela alikuwa na kipimo chake. Alitazama huku, akatazama kule, akapandisha nguo, akakaa juu ya udongo. Makalio matupu, ndiyo. Mnacheka nini? Mkono wa mkulima una sugu, hausikii kitu. Kule nyuma hakuna sugu.

Jumbe akampitia. "Mama Sekela, wenzako wamepanda. Wewe unaatamia?"

"Udongo una joto, Jumbe. Nikipanda leo nawapandia inzi."

Siku zikapita. Akakaa tena, na Jumbe akapita tena.

"Bado unaatamia?"

"Bado una uvuguvugu, Jumbe."

Ikaja sakitu ya kwanza. Inzi wote chali. Sekela akakaa mara ya tatu, akasikia baridi ikimpanda mpaka mgongoni.

"Umechelewa, mama," Jumbe akasema, akicheka.

"Leo ndiyo leo," Sekela akamjibu, akapanda mpaka punje ya mwisho.

Alijibu kwa jeuri, lakini moyo ulikuwa unamwenda mbio. Mbegu zisipotokeza kabla ya sakitu ya tatu, shamba limekwenda. Sakitu ya pili ikaanguka. Akafukua kidogo, akakuta mzizi, jani hakuna. Usiku ule hakula.

Asubuhi ya sakitu ya tatu shamba lilikuwa jeupe tupu, kijani hata cha dawa hakionekani. Sekela akakaa pembeni kama kawaida yake. Akanyanyuka taratibu, akashusha nguo, akamngoja Jumbe.

Jumbe akafika, kijiji kizima nyuma yake.

"Mashahidi, mnaona? Tupu. Shamba ni langu."

"Lichukue, Jumbe," Sekela akasema. "Ila shamba hili halijazoea mtu wa kusimama. Mwenye nalo hulikalia. Kaa hapo katikati, watu wote tukuone, tujue limepata mwenyewe."

"Akae," mmoja akasema.

"Akae," wakasema wawili.

"Akae," wakasema wote.

Jumbe akatazama watu. Akatazama kijito. Tamaa ikamshinda aibu. Akapandisha kanzu, akajitupa chini na uzito wake wote. Wanawake waligeuza nyuso, lakini si sana.

Hakukaa. Aliruka juu kama aliyekalia siafu.

"Vimenichoma."

"Nini tena, Jumbe?" Sekela akauliza, mpole kweli.

"Vijiti! Vya baridi, vikali, vimesimama."

"Kimoja?"

"Kimoja gani? Vimejaa kila mahali!"

Sekela akainama, akapangusa ule weupe kwa kiganja. Chini yake ncha za ngano zilikuwa zimesimama wima, fupi, ngumu kwa baridi.

"Mashahidi," akasema, "Jumbe mwenyewe amekagua. Anasema limejaa."

Watu walicheka mpaka wakashikana mabega. Jumbe akashusha kanzu, akaondoka akitembea upande.

Kipupwe kikapiga. Ngano ndefu za wengine zikalala moja kwa moja. Ile fupi ya Sekela ilijikunyata, ikangoja, jua lilipokuja ikaamka na masuke mazito. Kikapu kimoja kikawa vikapu ishirini.

Mwaka uliofuata joto lilianza kupungua, na mashamba yote yalikuwa bado hayajapandwa. Sheria ya sakitu ya tatu hakuna aliyeitaja. Kijiji kizima kilisimama kando ya kijito na vikapu vya mbegu. Jumbe Mwasomola alikuwa mbele, mgongo amegeuza kwa heshima.

"Vipi, mama," akauliza, "tupande?"

"Bado, Jumbe," Sekela akasema, akijiweka vizuri. "Rudini kesho."

Na mimi njia yangu imeishia kwenye kijito hicho. Uongo wangu gawaneni, ukweli nirudishieni.

(Tumeula wote!)