Mji Ulioitwa Yangu

Mnacheka mkisikia mji wetu una majina mawili, moja la kwenye ramani na jingine la mdomoni. Haya, kaeni kitako niwaambie, na asinikatize mtu.

Zamani, kabla Wahispania hawajakanyaga visiwa hivi vya Ufilipino, hapa kwenye kona ya mto palikuwa msitu mtupu. Liwanag ndiye aliyeufyeka akapanda mpunga, na watu wakamfuata. Kila mtu akawa anasema, "Nakwenda kwa Liwanag." Dada yake mkubwa, Sampaga, alihamia baadaye, na maneno hayo yalimchoma roho. Mpunga wa mdogo wake ukistawi, yeye halali. Mdogo wake akisalimiwa kwanza, chakula hakimpiti kooni. Wivu ulimla yule mwanamke, nawaambia.

Siku moja akiwa anafua mtoni, mtumbwi ulileta padri wa Kihispania na askari wake. Padri alionyesha ardhi kwa kidole, akauliza kwa lugha yake mahali hapa panaitwaje. Sampaga hakuelewa hata neno. Kichwani mwake lilikuwamo swali moja tu, kwamba ardhi hii ni ya nani. Akatupa nguo, akajipiga kifua: "Akin!" Kwa lugha yetu, hiyo ni "yangu". Padri akaitikia kwa kichwa, na mji ukaitwa Akin.

Sampaga alitembea shingo juu. Lakini wageni nao walilitamka jina hilo kutwa kucha, na liliwakaa vizuri mdomoni, maana walichukua mpunga wetu na kututumikisha bila ujira. Hatimaye padri alisimama katikati ya shamba la Liwanag, pale alipotaka kanisa lake, akatangaza kwa sauti: "Akin!"

Wivu ukampanda Sampaga upya, safari hii kwa mtu mwingine. Akaenda kusimama kando ya mdogo wake.

"Waambie basi, dada," Liwanag akasema huku analia. "Waambie ardhi hii ni ya nani."

Sampaga alitaka kumgeukia mdogo wake amwambie "iyo", yaani yako. Ulimi ukagoma. Akasema, "Atin." Yetu.

Kanisa lilijengwa pale pale, padri hakumsikiliza. Ila watu walisikia, wakalishika neno. Na tangu siku hiyo ramani inasema Akin, sisi tunasema Atin. Wageni wa siku hizi hutusifu, eti tuna upendo kweli, hata mji tunauita "Yetu". Upendo gani? Mwanamke alishindwa kusema "yako".