Ukungu Uliovuka Ukuta

Mtu mmoja aitwaye Senkoro alikuwa na shamba mlimani, na shamba hilo lilikuwa na sheria. Hakuna aliyefua mferejini. Hakuna aliyekata mti kabla hajapanda miwili. Takataka zote, pamoja na mabaki ya dawa ya kahawa, zilitupwa kwenye shimo moja mbali na nyumba, chini kabisa mpakani, na shimo hilo lilifunikwa vizuri. Wapita njia walisimama kuutazama ua wake uliofagiliwa, na Senkoro akiwaona alijihisi kama mtu aliyekwisha kumaliza kazi yake duniani.

Mwaka ambao mkewe Nakiete alishika mimba, baada ya miaka tisa ya kungoja, vyura wa mferejini walinyamaza. Hawakupungua kidogo kidogo. Jioni moja waliimba, jioni iliyofuata kukawa kimya, na kimya kile kilikuwa kizito hata watu wa nyumba ile wakaanza kusemezana kwa kunong'ona bila kujua kwa nini. Baada ya wiki mbili kuku wakaanza kutaga mayai yasiyo na ganda. Nakiete aliokota moja kiotani, laini, lenye uvuguvugu, likitikisika kiganjani kama kitu kinachopumua.  Kisha akaweka mkono wa pili tumboni.

Senkoro alimwona, na hofu ikamwingia. Kwa kuwa alikuwa mtu wa sheria, akaanza kumtafuta mvunja sheria. Aliwahoji watu wa nyumbani kwake mmoja mmoja. Alinusa ndoo na masufuria. Alilifukua shimo la takataka, akaona kila kitu kiko mahali pake, akalifukia. Mwishowe alimfukuza kibarua wake Yoeli, aliyemtumikia miaka kumi na miwili, kwa sababu aliwahi kuonekana akinawa miguu mferejini. Yoeli hakujitetea. Alifunga nguo zake ndani ya shuka, akashuka mlima. Kesho yake nyuki wakakutwa wamekufa chini ya mizinga, mamia kwa mamia, vichwa vyao vyote vimeelekea upande mmoja, bondeni.

Basi Senkoro akajenga ukuta. Miezi mitatu alibeba mawe, akayapanga mpaka yakampita kimo. Asubuhi alipoweka jiwe la mwisho, alisimama nyuma ya ukuta wake akauona ukungu unapanda kutoka bondeni, kama ulivyopanda kila siku tangu utoto wake. Ila safari hii aliutazama. Ulikuja polepole, weupe wake umechanganyika na kijivu. Ulifika ukutani, na haukusimama. Ulipita juu, ukapenya kwenye nyufa za mawe, ukamfunika mpaka kifuani, na ndani yake mlikuwa na harufu ya kitu kinachoungua ambacho si kuni. Majani ya migomba yaliyoguswa yalibaki na vitobo vidogo, kana kwamba mtu ameyapitia yote kwa sindano. Nyuma yake, ndani ya nyumba iliyofungwa milango na madirisha, Nakiete alikohoa.

Senkoro hakwenda kumtazama. Aliukwea ukuta wake mwenyewe, akarukia upande wa pili, aufuate ukungu ulikotoka.

Shamba la chini lilikuwa la Kisaka, jirani ambaye hakuwa amesemezana naye miaka sita kwa ajili ya mpaka. Ndani ya ukungu Senkoro alisikia jiwe linagonga jiwe. Akaifuata ile sauti. Alimkuta Kisaka amepiga magoti anajenga ukuta, na ukuta huo ulielekea shamba la Senkoro. Kando yake, juu ya jani la mgomba, palikuwa na yai lisilo na ganda.

"Nilitaka nimalize mstari huu," Kisaka akasema bila kusimama, "ndipo nije kukushtaki."

Akamwongoza hadi mpakani, akamwonyesha. Chini ya lile shimo lililofunikwa vizuri, ardhi ilikuwa inatoa jasho la bluu. Ilikuwa ile dawa ya kahawa ya miaka yote, inachuruzika bila sauti, inaingia mferejini na kushuka kwa Kisaka. Senkoro aliinama, akaigusa, akakitazama kidole chake. Alitaka kusema kwamba kwake hakuna sheria iliyovunjwa. Ilikuwa kweli, lakini bluu ilikuwa bado kidoleni.

Ila ile harufu ya kuungua haikutoka kwa Kisaka. Naye ilikuwa ikimkohoza. Wakashuka pamoja kuitafuta. Walipopita mwisho wa shamba la Kisaka, maji ya mfereji yalibadilika, yakawa mazito, yananuka, yamejaa manyoya. Kisaka alikuwa analoweka ngozi, na kila jioni alimwaga maji yake machafu huko nyuma. Hakuwa ameyafuata hata siku moja. Sasa aliyafuata, na hakuinua kichwa.

Bondeni aliishi mjane aitwaye Naelijwa, mchoma chokaa. Kuni zilikuwa zimemwishia, kwa hiyo tanuri lake alilichochea kwa matairi mabovu. Moshi ulisimama wima, ukajiunga na ukungu, ukaanza kupanda nao. Mbuzi wake, waliokunywa maji ya mfereji ule, walikuwa wamezaa, lakini wale watoto hawakuweza kusimama. Waliwajia wageni kwa magoti, bila kutoa sauti.

Senkoro alimwonyesha mjane njia ya ule moshi kwa kidole. Mama yule alitazama juu, mlimani.

"Mimi nilidhani unakwenda mbinguni, wanangu," akasema. "Sikujua kuwa huko kuna watu."

Walikaa hapo mpaka jua likawa kali, na mashauri hayakuwa mepesi. Senkoro alisema kila mmoja aache mara moja. Kisaka akacheka kicheko kibaya. "Wewe dawa zako zimekupa nyumba ya bati," akamwambia. "Mimi niache ngozi kabla sijapata hata mlango wa mbao?" Senkoro alikasirika, kisha akaliona bati la nyumba yake liking'aa kule mlimani. Alirudi mlimani, akaubomoa ukuta wake, na kwa mawe yale na chokaa ya mjane akalijengea shimo lake la dawa, kisha mengine akayashusha kwa mgongo ili yajengee shimo la ngozi la Kisaka, mashimo yote mawili yasivuje. Kisaka naye alimkatia mjane matawi makavu ya kuchomea chokaa. Wakakubaliana kwamba kila mwezi mpya kila mmoja ataingia kwenye ua wa mwenzake na kutazama, na mwenye ua hatamzuia. Jambo hilo ndilo lililomuuma Senkoro kuliko mawe. Siku ya kwanza Kisaka alipolifunua shimo la dawa na kuinamia ndani, Senkoro aligeuza uso kama mtu anayevuliwa nguo. Alimtuma mtu amwite Yoeli arudi. Yoeli hakurudi.

Nakiete alijifungua wakati wa mvua. Mtoto alitoka mzima, lakini hakulia. Alifumbua macho, akawatazama waliomzunguka, mmoja baada ya mwingine, kimya, mpaka mkunga akarudi nyuma hatua moja. Ndipo akalia, na Senkoro, aliyekuwa nje ya mlango, akausukuma akaingia.

Ukungu ulirudia weupe wake. Kisha, asubuhi moja ya kiangazi, mbingu zikiwa wazi kabisa, kitu cheusi kama masizi kilianza kudondoka juu ya mashamba yote matatu. Kilianguka taratibu, bila upepo. Tanuri la mjane lilikuwa limezimwa. Hapakuwa na aliyewasha moto upande wote ule. Walipotazama wakaona kinatoka nyuma ya mlima wa pili, kwenye nchi ambayo hawakujua mtu hata mmoja kwa jina. Hakuna aliyetaja ukuta. Naelijwa alifunga viazi vilivyochemshwa kwenye kitambaa, Kisaka akachukua fimbo, Senkoro akamuaga mkewe, na wote watatu wakaanza kutembea kuelekea huko.

Nawe unayesikia haya, ambaye asubuhi umefagia uwanja wako vizuri hata ukasifiwa: ua wako unaishia wapi?