Kwa Nini Watunzi wa Kolamba Huacha Nafasi Tupu

Hapo kale, katika mji wa Kolamba kule Marekani, karatasi za muziki zilijaa nota pomoni. Hata inzi akitua juu yake alikosa pa kuweka mguu. Mtunzi aliamua kila kitu, na kazi ya mpigaji ilikuwa kutii.

Aliyejaza kuliko wote aliitwa Amosi Tibbs. Mtu huyo hakujua kutulia. Alikula amesimama, aliandika huku goti likimcheza, akafuta, akaandika tena. Mwaka huo alikuwa na sababu: ukumbi mkubwa wa mji, ambao haukuwahi kupokea muziki wa watu weusi, ulimpa jioni moja tu. Akiboronga, mlango ungefungwa, kwake na kwa wenzake wote.

Aliyemtia hofu zaidi ni kaka yake, Silasi, mpiga tarumbeta. Silasi hakuwahi kupiga wimbo mara mbili kwa namna moja. Leo hivi, kesho vile. Basi Amosi akamwandikia kila kitu, hata mahali pa kuvuta pumzi. Mshika mawili, moja humponyoka. Yeye alitaka kushika kalamu na pumzi za kaka yake pia.

Siku ya mazoezi ya mwisho, mama yao, Bi Odesa, aliyewalea kwa kufua nguo za watu, aliwaletea chakula. Akaketi, akasikiliza mpaka mwisho.

"Amosi," akauliza, "kaka yako anaumwa?"

"Haumwi, mama. Anapiga nilichoandika."

"Basi hapo nakusikia wewe. Mwanangu Silasi simsikii."

Amosi aliudhika, kisha akaona haya. Akachukua kifutio. Akafuta nota moja, mbili, akashindwa kuacha, mpaka katikati ya wimbo pakabaki peupe. Hapo akaandika neno moja tu: Silasi.

Jioni ile, wimbo ulipofika pale peupe, bendi ilinyamaza. Silasi akasimama, asipige. Amosi, aliyekuwa akipiga piano, akamsubiri. Mguu wake ukaanza kutetemeka. Akaukanyaga kwa wa pili, na wa pili nao ukaanza. Ndipo Silasi akapiga, polepole, ule mwito ambao mama yao aliwaitia warudi nyumbani kutoka mtoni walipokuwa wadogo. Bi Odesa, aliyeketi kati ya wasikilizaji, akasahau yuko wapi. Akaitika kwa sauti, kama afanyavyo kanisani kwao mahubiri yanapomgusa: "Sema, mwanangu!"

Ukumbi mzima ukageuka kumtazama. Silasi akamjibu kwa tarumbeta. Mama akaitika tena, na safari hii hakuwa peke yake. Mlango ule haukufungwa tena.

Na tangu siku hiyo, kila mtunzi wa Kolamba huacha nafasi moja tupu, akaandika jina la mtu badala ya nota. Wimbo unapoikaribia nafasi hiyo, mtazame mtunzi mguu: hautulii. Amemfungulia mwenzake njia, wala hajui atarudi na nini.