Uzio Kati ya Punda na Mwanawe

Mtu mmoja alikuwa na punda jike, na punda huyo ndiye aliyekuwa miguu ya nyumba yake. Mtu huyo aliitwa Ndahani, mwenyeji wa upande ule mkavu wa Ugogo ambako maji hukaa bondeni na watu hukaa mlimani. Kila asubuhi punda aliteremka kisimani na madumu matupu, akapanda nayo yakiwa yamejaa. Maji ya kunywa, ya kupikia, na yale ambayo Yunisi, mke wa Ndahani, aliwagawia majirani wasio na mnyama, yote yalipanda kwa mgongo huo mmoja. Ndahani hakumpiga punda wake. Nalisema hilo mapema, kwa maana wamo humu ndani wanaume ambao punda wao wangepewa ulimi, leo tungesikia mengi.

Punda huyo alizaa, na fisi akamchukua mtoto. Akazaa tena, na huyu wa pili akaishi. Alikuwa dume la kijivu, mtundu, na jua lilipoanza kushuka mama yake alimsukuma kwa kichwa mpaka ndani ya zizi kabla mtu hajawaita.

Katika kijiji kile hakuna ahesabuye miezi ili ajue siku ya kumwachisha mwanapunda. Husema mama ndiye ajuaye. Siku atakapochoka kunyonywa atarusha teke, na mwenye punda akiliona teke hilo huwatenganisha. Ni desturi nzuri, nami siikejeli. Lakini aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, na punda huyu alikuwa ameshaumwa. Hakurusha teke. Mwanawe akakua hadi akalingana naye mabega, akawa hana budi kukunja magoti ya mbele ili afike kwenye kiwele, naye mama akasimama tu na kumpisha. Wapita njia walicheka. Ndahani hakucheka, maana alikwisha kuona kwamba punda ana mimba nyingine, na mwili mmoja sasa ulikuwa unalisha watatu.

Yunisi naye alikuwa na mtoto mmoja, binti aliyeitwa Nyemo. Kabla ya Nyemo alikuwa amezika wawili. Nyemo alikuwa mtu mzima, na kijana mmoja wa ng'ambo ya bonde, mpole na mchapakazi, alikuwa amemtuma mshenga kwa adabu zote. Yunisi hakukataa. Watu wa namna ya Yunisi hawakatai, huahirisha. Mara ya kwanza alisema tungoje mavuno. Mavuno yakaja, akasema binti ana kikohozi. Kikohozi kikaisha, akasema yeye mwenyewe mguu unamsumbua, ingawa siku ya mnada mguu huo ulimfikisha mnadani na kumrudisha. Nyemo alipika, akafua, akanyamaza. Alimpenda mama yake, akampenda na kijana yule, na hakujua pa kuiweka mizigo hiyo miwili.

Basi Ndahani aliamua kumsaidia punda kurusha teke. Wafugaji wa huko wana namna yao ya kumwachisha ndama. Humfunga puani ukanda wenye miiba, ili akimkaribia mama amchome, na mama amfukuze. Kwa ng'ombe hufaa. Ndahani akaufunga ukanda huo kwenye pua ya mwanapunda, akakaa kungoja. Mwanapunda alipokwenda kunyonya, miiba ilimwingia mama kwenye kiwele. Punda akatetemeka mwili mzima, akafumba macho, akasimama. Alisimama hivyo siku nzima. Yunisi alipofika jioni akakuta damu ikichuruzika kwenye mapaja ya punda, akaukata ukanda ule kwa kisu cha jikoni na kuutupa motoni, wala hakumpakulia mumewe chakula.

Ndahani akaona aibu, lakini hakuacha. Akamchukua mwanapunda hadi kwa nduguye, nyuma ya vilima, ambako mama hatamwona wala kumsikia. Sasa nyumbani punda akakataa kuteremka kisimani. Alisimama mlangoni akilia kuelekea vilimani hadi sauti ikamkauka. Na huko kwa nduguye, mwanapunda hakugusa jani. Akaikata kamba, akarudi peke yake kupitia vichaka vile vile vya fisi, akafika ubavu wake umechanika. Yunisi akamkumbatia shingoni akalia kwa sauti. Akaapa kwamba hatatenganishwa tena na mama yake maadamu yeye Yunisi yu hai. Ndahani akamwambia kwamba mchelea mwana kulia hulia yeye. Yunisi akamjibu kwamba uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Wakalala wamepeana mgongo, kila mmoja na methali yake, na zote mbili ni za kweli.

Kiangazi kikazidi. Punda akawa mbavu na tumbo tu. Majirani wakaanza kusema kwamba hataziona mvua, wala yule aliye tumboni hatazaliwa. Nyumba ile ingebaki bila miguu.

Siku moja Yunisi alikuwa akipanda kutoka kisimani nyuma ya punda, na mwanapunda akiruka-ruka mbele, hana mzigo, hana habari. Kwenye mteremko wenye mawe punda akapiga magoti, kisha akaanguka ubavu, na madumu yakamlalia. Yunisi akakimbia kumfungua kamba. Kabla hajaimaliza kuifungua, mwanapunda aligeuka, akarudi mbio. Yunisi akadhani amerudi kwa huruma. Mwanapunda akainamisha shingo, akapenyeza pua kati ya miguu ya mama yake aliyelala chini ya mzigo, akaanza kunyonya.

Hakuwa mbaya, mwanapunda yule. Hakuna aliyewahi kumfundisha kitu kingine.

Yunisi akasimama pale njiani akiwa ameshika kamba mkononi. Kisha akamwaga maji, akamwinua punda kwa taabu, akajitwika dumu moja alilolibakiza, akapanda nalo kichwani. Nyumbani hakumweleza mtu yeyote. Alichukua shoka akaenda kukata miti.

Hakumpeleka mwanapunda mbali, na hakumwacha alipokuwa. Alijenga uzio katikati ya zizi. Nyemo alishika miti, mama yake akaifunga kwa kamba za ukonge, na Ndahani aliporudi kutoka shambani akaona, akavua shati, akachimba mashimo yaliyobaki bila kuuliza. Kati ya mti na mti waliacha nafasi ya pua kupita, na chini wakaziba kwa matawi, pua isifike kwenye kiwele. Punda akawekwa upande huu, mwanawe upande ule. Waliweza kuonana, kunusana, na kukwaruzana mashavu. Maziwa tu ndiyo yalibaki ng'ambo.

Msidhani palikuwa na amani. Mwanapunda alilia, akaupiga uzio kwa kifua. Mama alilia pia, na kiwele kikamvimba kikauma. Yunisi aliziba masikio kwa khanga, na zaidi ya mara moja aliinuka ili aende akafungue, na kila mara aliketi tena. Nyemo alimpelekea mwanapunda pumba na mabua ya mtama, naye akayakanyaga. Kisha asubuhi moja mama, kwa njaa yake mwenyewe, akasogeza mabua yake karibu na uzio akala hapo, taratibu, pua yake ikiwa karibu na pua ya mwanawe. Mwanapunda akatazama lile taya likisaga. Akainama, akaokota bua moja, akalitafuna kama mtu aonjaye dawa. Akaokota la pili.

Kiwele kikakauka. Mbavu za punda zikaanza kufunikwa. Mvua zilipokuja alizaa mtoto jike mwenye afya, na kulipokucha Yunisi mwenyewe akazikata kamba za uzio, akaiangusha miti yote. Mwanapunda akavuka. Akamnusa mama yake usoni, akamnusa mdogo wake aliyekuwa akinyonya, akapita kwenda kwenye majani mabichi ya nje. Siku chache baadaye walimtwika madumu yake ya kwanza, naye akapanda mlima akiwa mbele ya mama yake, akisimama hapa na pale kumngoja.

Yunisi aliwatazama wakipanda. Machozi yalikuwa yakimtoka, na alikuwa akicheka. Nyemo alikuwa ameketi pale pale akichambua mchicha, akainua uso kumtazama mama yake, asijue kama amfariji au acheke naye. Yunisi akamgeukia mumewe, akasema:

"Baba Nyemo, tuma mtu akamwambie mshenga aje. Bati la nyumba ya kina kijana yule naliona kutoka hapa."

Nyemo akaacha mchicha ukamwagika, akaja akamwekea mama yake kichwa begani, na wakakaa hivyo bila haraka.

Nanyi wazazi mlioketi mbele yangu, na wachungaji wazee, na kila mwenye kushikilia mtu mzima mikononi, sitawauliza kama mnapenda. Punda yule alipenda hata akatoka damu. Nawauliza hivi: mnapomzuia mtoto asiondoke, ni yeye mnayemwonea huruma, au ni nafsi zenu?