Injini Isiyofumuliwa

Mtu mmoja alikuwa na injini ambayo hakuisuka yeye. Jina lake Nehemia, mwenye gereji pembeni mwa mji. Injini ile ilisukwa kipande kwa kipande na fundi Lukindo, ambaye Nehemia, akiwa bado kijana, alimwona mara ya kwanza kwenye uwanja wa zamani wa ndege, siku ya mashindano ya magari mawili mawili. Yanasimama sambamba, yanaachiwa, na kabla hujameza mate yamekwisha. Watu walimshangilia dereva. Nehemia alimtazama fundi, aliyekuwa amekalia ndoo, kichwa kimeinama, akisikiliza. Tangu siku ile hakutaka kazi nyingine duniani, wala hakukosa mbio za Lukindo hata moja.

Lukindo alipozeeka na kurudi kwao milimani, alimwachia injini yake ya mwisho. Nehemia aliifunga kwenye gari lake, akaapa kwamba spana ya mtu haitaifungua. Boliti zibaki kama Lukindo alivyozikaza. Kila asubuhi akaifuta vumbi kwa kitambaa safi. Akavaa kofia kama ya Lukindo, akakalia ndoo kama Lukindo.

Mwanzoni ilishinda. Halafu ikaanza kuchoka, na Nehemia akachoka nayo. Akalaumu mafuta, akabadilisha matairi, akafukuza dereva mmoja baada ya mwingine. Vijana wakamtania, "Mzee, leo tunashindana au tunazika?" Alibakiwa na ombi moja tu kwa Mungu: ashinde mara moja Lukindo akiona, kabla mzee hajafumba macho.

Basi akaenda milimani kumleta uwanjani, akamshika mkono, akamkalisha kwenye ndoo. Gari likawashwa. Mzee akasikiliza kidogo, akainua kiganja. Lizimwe.

"Umeifumua lini?"

"Sijaifumua hata siku moja, baba. Ningethubutuje kugusa kazi ya mikono yako?"

Lukindo alivuta pumzi ndefu. "Mwanangu, mimi nilikuwa naifumua kila baada ya mbio, tushinde tushindwe. Miaka yote ile ulikuwa unaniangalia nini?"

Nehemia aliikumbuka kofia. Aliikumbuka ndoo. Ila kazi ya jioni, watu wakiwa wameshaondoka, gunia limetandikwa na kila chuma kimelazwa juu yake kikisubiri kufutwa, hiyo hakuwahi kubaki aione. Kila mara aliondoka na wenye kushangilia.

Gari halikukimbia siku ile. Walitandika gunia palepale. Mzee hakuweza tena kuinama, kwa hiyo Nehemia ndiye aliyepiga magoti, naye akaona kwa macho yake jinsi pistoni zilivyochubuka na masizi yalivyogandamana, ndani ya kile alichokuwa akikipangusa nje kila asubuhi.

Ndugu zangu, nasi tulipewa moyo na Bwana, na kila Jumapili twaufuta vumbi. Ni lini mara ya mwisho tulipobaki nyuma, watu wakiwa wameshaondoka, tukamwacha aufumue?