Kijiji cha Wafiwa Watupu

Ndugu zangu, leo nawapeleka mbali, Serbia, kwenye kijiji kimoja cha tambarare. Waserbia, Wahungaria na Waslovakia walikaa humo tangu enzi za mababu, na desturi yao ilikuwa moja: mfiwa hashiki jembe. Akifa Mserbia, Wahungaria wanachimba kaburi. Akifa Mhungaria, Waslovakia wanachimba.

Sasa palikuwa na mzee mmoja Mserbia, mbishi kweli kweli, aliyetaka kijiji kiwe cha ukoo wake peke yake. Hakumpiga mtu. Alikata kamba ya kisima, akaacha kuitikia salamu, akamkataza mkewe kwenda kwa majirani, na ndugu zake wakamwiga. Familia moja moja zikafungasha virago, zikahamia ng'ambo ya mto.

"Sasa tumebaki wenyewe," akamwambia mkewe.

Baridi ilipokaza, mke akafariki. Mzee akapita nyumba kwa nyumba kutafuta wachimbaji.

"Nitachimbaje?" kila mmoja akamjibu. "Na mimi nimefiwa. Marehemu ni shemeji yangu."

Jamani! Kijiji kizima wafiwa! Maiti ikalala ndani usiku wa pili, na mzee akalia kwa aibu.

Asubuhi, ukungu umetanda, akasikia sururu ikigonga huko makaburini. Akaenda kutazama. Kaburi lilikuwa tayari, na ndani yake amesimama jirani yake wa zamani, Mhungaria, udongo hadi kwenye nyusi.

"Jirani, nani kakuletea habari? Hakuna aliyevuka mto."

"Kaja mwenyewe jana jioni."

"Nani?"

"Mkeo. Kabisha mlangoni, nikamkaribisha ndani, akakataa. Akasema, 'Nichimbie, jirani. Kwetu hakuna mtu.'"

Mzee akatazama theluji. Kando ya alama za viatu vya jirani zilikuwepo nyingine, za miguu mitupu. Akaketi pale pale.

Msiseme, "Hao ni Wazungu." Sisi je? Hatujawahi kulinyima salamu kabila la mtu? Hatunong'oni sokoni, na hata humu ndani, "Huyu si wa kwetu"? Mama yule alipokuwa hai alikatazwa mlango wa jirani, ikambidi afe ndipo aufikie. Wewe unayenisikiliza bado unapumua. Ni mlango gani unaoupita kila siku bila kubisha?