Sange Agawana Ukurasa na Kiboko

Paukwa.

Pakawa.

Pakawa nini, enyi mlioinamia simu?

Pakawa kitochi cha bibi, chaji kidogo.

Basi kiwekeni pembeni mnisikilize.

Hapo kale, si kale sana maana simu zilikuwepo, wanyama walichota maji kisima kimoja kwa zamu. Baraza lilipanga zamu, Kiboko akazitangaza kwenye ukurasa wake wa mtandaoni. Asiyesoma tangazo alipoteza zamu, na zamu iliyopotea ilikuwa ya mwenye kutangaza.

Sasa huo ukurasa. Juu, picha ya Kiboko akipiga mwayo. Chini yake, video ya Kiboko akioga. Chini tena, Kiboko akijitazama akioga. Tangazo likakaa mwisho kabisa. Digidigi akafungua kitochi chake, kiduara cha kusubiri kikazunguka: zungu, zungu, zungu, bando kwisha. Pimbi akafungua: zungu, zungu, zungu, bando kwisha. Sange, mnyama mdogo mwenye pua ndefu, naye akafungua: zungu, zungu, zungu, kwisha. Wanawe wakalala na kiu tena, na hilo lilimuuma sana.

Akamwendea Kiboko, akamsifu kwamba uzuri wake unazishinda simu za wanyonge.

"Mzee wangu, tuugawane ukurasa kama nyama ya arusi. Mkubwa achague kwanza."

Kiboko akachagua picha. Akachagua video. Akachagua hata muziki.

"Na wewe, Bi Sange?"

"Mimi niachie makombo, Mzee. Hayo maneno tu."

Kiboko akacheka mpaka tope likaruka, akampa. Akili hiyo, jamani! Kila nikimsimulia namvulia kofia. Sange akayapunguza maneno ya baraza mpaka yakaenea kwenye ujumbe mmoja mfupi, akawatumia wote. Kwa Digidigi, ti. Kwa Pimbi, ti. Wakasoma, wakaja na vibuyu vyao, wakachota.

Zamu ya Kiboko ikafika, Kiboko hayupo. Alipokuja jua lilikuwa kali, na wana wa Sange walikuwa wanajipangusa midomo.

"Mbona sikuambiwa?"

"Nilikutumia, Mzee," akasema Sange kwa adabu. "Ujumbe umekosa pa kukaa. Simu yako imejaa wewe."

Hadithi yangu imeishia hapo. Ikiwa tamu, gawaneni. Ikiwa chungu, nirudishieni niimeze mwenyewe.

Na funzo lake, watoto: nunueni simu kubwa, ijazeni picha zenu, na kusoma waachieni wenye kiu.